Hali ya Hewa, Tabianchi na Ubishi Wetu wa Kila Siku: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mimi nasoma kipima mvua kilichopo kwenye uwanja wa shule ya msingi, wilayani Muheza, mkoa wa Tanga. Kila saa tatu asubuhi namimina maji ya usiku kwenye mtungi mwembamba wenye alama za milimita, naandika namba kwenye daftari, nafunga. Ni kazi ya dakika tano. Lakini wakati wa kurudi napita kijiweni, na pale dakika tano zinageuka saa nzima, kwa sababu kila mtu ana neno lake juu ya mvua. Maswali yaliyo hapa ndiyo ninayoulizwa pale, kwenye mikutano ya kijiji na kwenye magrupu ya WhatsApp ya wakulima.

Hali ya hewa na tabianchi ni kitu kimoja au sicho?

Sicho, na nusu ya ubishi wetu inaanzia hapa. Kwa miaka mingi tulitumia "hali ya hewa" kwa mambo yote mawili. Mtangazaji anasema "hali ya hewa ya kesho", halafu habari inayofuata anasema "mabadiliko ya hali ya hewa duniani". Msikilizaji ataelewa kwamba kinachobadilika ni kile kile cha kesho. Na kwa kuwa maisha yake yote ameona asubuhi jua na jioni mvua, anajiuliza kuna habari gani hapo.

Neno tabianchi lilikuja kutuokoa, na limejengwa vizuri. Mtu ukimkuta amenuna asubuhi moja, bado hujamjua tabia. Kaa naye miaka, mle naye, mgombane, mpatane, ndipo utaweza kusema "huyu kwa kawaida ni mpole, leo kapatwa na jambo." Nchi nayo iko hivyo hivyo. Wataalamu hawasemi tabia ya mahali mpaka wawe na kumbukumbu za miaka 30 hivi. Kwa hiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, yaani TMA, ikisema mvua zitakuwa "chini ya wastani", hailinganishi na mwaka jana. Inalinganisha na kipindi kirefu, kwa mfano 1991 hadi 2020. Wengi hapa kijijini hawakuwahi kuelezwa hilo, na wakielezwa hasira zao juu ya utabiri hupungua sana.

Julai tulitetemeka kwa baridi. Hilo joto la dunia liko wapi?

Kipupwe hakijafutwa. Kuanzia Juni jua linakuwa kaskazini, upepo wa kusi unavuma kutoka upande wa dunia ulio kwenye majira yake ya baridi, na watu wa Lushoto, Njombe, Makete na Limuru wanatoa makoti. Hilo litaendelea.

Wastani wa joto la dunia nzima katika miaka ya 2011 hadi 2020 ulikuwa juu kwa nyuzi kama 1.1 za Selsiasi kuliko miaka ya 1850 hadi 1900. Nyuzi moja huwezi kuihisi ukiwa umejifunika blanketi Makete. Unaiona kwenye hesabu: siku za joto kali zinaongezeka, usiku wa baridi kali unapungua. Mwaka 2024 ndio ulioongoza kwa joto tangu vipimo vya dunia vianze kuwekwa, na kipupwe cha mwaka huo huo watu walivaa masweta. Mambo hayo mawili hayapingani.

Wazee wanasema ukame na mafuriko vilikuwepo tangu zamani. Wanakosea?

Hawakosei hata kidogo, na nachukia nikiona kijana aliyesoma semina ya siku mbili anamkatiza mzee kwa jambo hili. Hapa kijiweni yupo mzee anayesimulia njaa ya 1974 na ule unga wa njano walioubatiza Yanga. "Mjukuu wangu," ananiambia, "tulipanga foleni ya unga ambao wengine walikuwa hawajawahi kuuona." Hayo ni kweli tupu. Kimbunga kilipiga Unguja Aprili 1872 kikang'oa mikarafuu, na hiyo ni sababu mojawapo Pemba ikaja kuongoza kwa karafuu. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Mvua za mwishoni mwa 1961, mwaka ule ule wa Uhuru wa Tanganyika, zilipandisha Ziwa Victoria kwa kiwango ambacho watu wa Jinja, Kisumu na Mwanza walikikumbuka kwa miongo.

Kwa hiyo swali la kuuliza si kama mambo haya yaliwahi kutokea. Ni kama yanakuja mara nyingi zaidi, na yakija yanakuwa na makali gani. Tazama ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 kaskazini na mashariki mwa Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia. Misimu mitano mfululizo ilikataa. Ng'ombe, mbuzi, hata ngamia walikufa. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walipochambua, walikuta kwamba ukame wa kiwango kile umekuwa na uwezekano wa kutokea kama mara 100 zaidi kwa sababu ya joto lililoongezwa na binadamu. Mvua ilikosekana, na hata ile kidogo iliyonyesha, hewa yenye joto kali ikainyonya kutoka ardhini kabla mizizi haijashiba. Ukame wa zamani ulikuja na mkono mmoja. Huu umekuja na miwili.

Na maji ya Ziwa Victoria, Mei 2020 yalipita rekodi iliyowekwa 1964.

Basi El Niño ndiyo mabadiliko ya tabianchi yenyewe?

Hapana. El Niño ni maji ya Bahari ya Pasifiki, huko Peru na magharibi yake, kupata joto kuliko kawaida kila baada ya miaka michache. Wavuvi wa Peru ndio walioipa jina, zamani kabla magari hayajajaa duniani. Inakuja na kuondoka.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna bahari yetu pia ya kuitazama. Upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, yaani huku kwetu, ukiwa na joto kuliko upande wa Indonesia, mvua za vuli hunyesha kupita kiasi. Ndivyo ilivyokuwa 1961, ndivyo ilivyokuwa 2019, na 2019 hapakuwa na El Niño ya maana. Mwaka 1997 vyote viwili vilikutana, ndiyo maana mvua zile zilibaki kwenye vinywa vya watu mpaka jina El Niño likawa sawa na neno gharika. Joto la dunia halijavumbua mambo haya. Linalofanya ni kuyaongezea maji, kwa kuwa kila hewa inapopanda joto kwa nyuzi moja, ina uwezo wa kubeba mvuke kama asilimia 7 zaidi.

Kenya mwaka 2023 waliambiwa hakuna El Niño, halafu mafuriko yakaja. Nani alidanganya?

Nisingeanza na neno kudanganya. Idara ya hali ya hewa ya Kenya ilikuwa imeshatangaza kwamba mvua za Oktoba hadi Desemba zitakuwa juu ya wastani na kwamba El Niño ipo. Mwanzoni mwa Oktoba Rais William Ruto akawaambia wananchi kuwa wataalamu sasa wanasema El Niño haitakuwepo, zitakuwa mvua nyingi tu zisizofikia kiwango cha kuangamiza. Watu wakashusha pumzi. Novemba mito ikapasua kingo, kuanzia Mandera na Garissa hadi Pwani, na zaidi ya watu 100 wakafa.

Nimelitafakari sana jambo lile. Kwa Mkenya wa kawaida, El Niño maana yake ni 1997: madaraja yaliyokatika, matatu zilizosombwa, kipindupindu. Ukimwambia "haipo El Niño", hasikii habari za joto la Pasifiki. Anasikia "usihame". Mabishano ya wiki kadhaa yalikuwa juu ya jina, wakati mtu anayekaa ukingoni mwa Mto Tana alihitaji kujua kitu kimoja tu, kwamba maji mengi yanakuja. Hili la mvua nyingi kila upande ulikuwa umelikubali, lakini lilifunikwa na kelele za jina. Uchambuzi uliofanyika baadaye ulionyesha kuwa joto la dunia liliongeza ukali wa mvua zile, pengine hadi mara mbili.

Mbona utabiri unakosea? Jobo kilitangazwa kikaishia baharini.

Nakumbuka Aprili 2021 vizuri. Tuliambiwa kimbunga Jobo kinakuja, watu wakafunga milango, wavuvi wakavuta ngalawa juu, tukakesha. Kilipofika karibu na pwani kilikuwa kimeishiwa nguvu. Wiki nzima watu walicheka. Miaka mitatu baadaye kikatangazwa Hidaya, na wapo waliosema "ni Jobo huyo". Tarehe 4 Mei 2024 Hidaya kikatua Mafia na upepo na mvua yake. Boti za Dar es Salaam na Zanzibar zilikuwa zimesimamishwa safari. Fikiria kama zisingesimamishwa kwa sababu ya kicheko cha 2021.

Tahadhari siyo ahadi. TMA inapotoa angalizo au tahadhari, huandika pia uwezekano wa kutokea na kiwango cha athari. Soma yote mawili. Na utabiri wa msimu husomwa vivyo hivyo. Tuseme eneo lenu limepewa asilimia 50 juu ya wastani, 30 wastani na 20 chini ya wastani. Wengi husikia "mvua zipo" na kununua mbegu ya muda mrefu shamba zima. Lakini ile 20 inasema: miaka kumi ya namna hii, miwili inaweza kuwakausha. Mimi mwenyewe niliwahi kupanda mahindi yote kwa mvua ya kwanza ya Machi, ile inayodanganya, kisha wiki tatu jua tupu. Nilipanda mara ya pili kwa mbegu ya kukopa. Tangu hapo nagawa shamba: sehemu mahindi ya muda mfupi, sehemu mihogo, na sehemu nangoja.

Kama hawaijui mvua ya Jumamosi, wanaijuaje 2050?

Ni hesabu mbili tofauti. Siwezi kukuambia embe lipi litaanguka kesho kutoka kwenye mwembe wangu, ila nakuhakikishia kwamba Desemba yatakuwa yanaanguka. Wingu moja ni gumu kulifuata, lakini joto linaloongezwa duniani lina hesabu inayofuatika.

Hata hivyo, anayekuambia hesabu za mvua zimekamilika anakuzidishia. Modeli nyingi, yaani hesabu za tabianchi zinazofanywa kwa kompyuta, zilionyesha masika ya Afrika Mashariki yakiongezeka, huku vipimo vikionyesha yakipungua kuanzia miaka ya 1980 hadi miaka ya 2000. Wataalamu wenyewe wanakiita kitendawili. Kwenye joto wanakubaliana karibu wote. Kwenye masika yetu, bado wanabishana, na wana haki ya kubishana.

Wanajuaje ni binadamu na siyo jua?

Jua linapimwa kwa setilaiti tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na nguvu yake haijapanda pamoja na joto. Halafu kuna ishara moja naipenda sana: kama jua ndilo lingekuwa linazidi, anga la juu na la chini yote yangepata joto. Kilichopimwa ni kwamba la chini linapata joto na la juu kabisa linapoa, kama vile kuna blanketi katikati. Blanketi hilo ni gesijoto, yaani gesi zinazozuia joto lisitoke, hasa hewa ukaa. Hewa ukaa ilikuwa sehemu kama 280 katika kila milioni kabla ya viwanda. Mwaka 1958, vipimo vilipoanza mlimani Mauna Loa huko Hawaii, ilikuwa kama 315. Sasa imepita 420.

Si ni sisi wenyewe tuliokata miti? Mbona tunasingizia viwanda vya Ulaya?

Hapa huwa naona watu wanarushiana maneno, na kila mmoja ameshika nusu ya ukweli.

Ukikata msitu juu ya chemchemi, chemchemi inadhoofika, udongo unatiririka, kijiji kinapata joto. Hilo utaliona ndani ya miaka michache na hakuna Mzungu wa kumlaumu. Sisi tulio chini ya misitu ya Amani tunajua mito yetu inatoka wapi, na anayeingiza msumeno kule juu anatukata sisi wa huku chini. Lakini msitu wa Muheza, hata ungesimama wote, usingezuia moshi wa karne mbili wa makaa ya mawe na mafuta ya nchi nyingine. Afrika nzima inatoa kama asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia inayotokana na mafuta na makaa ya mawe. Mama anayechoma mkaa magunia mawili ili alipe ada ya mtoto si yeye aliyeipandisha hewa ukaa hadi 420, na naumia nikisikia kiongozi anamsema mkutanoni kana kwamba ndiye. Apewe nishati nyingine anayoimudu bei, ndipo tumwambie aache.

Na barafu ya Kilimanjaro?

Inaisha. Mwaka 1912 ilifunika kilometa za mraba kama 12, na kufika 2011 hazikufika hata 2. Ila mlima huu ni mfano wenye mzozo. Barafu yake ilianza kurudi nyuma mwishoni mwa karne ya 19, na watafiti kadhaa wameonyesha kuwa ukavu wa hewa na upungufu wa theluji ndivyo vilivyoiumiza zaidi, maana kileleni kwenyewe baridi bado ni ya kugandisha. Wengine wanaona joto lina mkono mkubwa. Pia ulikuwepo utabiri kwamba barafu ingekwisha kati ya 2015 na 2020, haikwisha, na wapinzani wakapata la kusema. Kwa hiyo mtu akitaka kukuthibitishia joto la dunia kwa picha ya Kilimanjaro peke yake, mwambie atafute ushahidi mwingine. Upo mwingi.

Kila mafuriko ni tabianchi?

Hapana, na neno hili sasa linageuzwa kichaka cha kujifichia. Mtaro haukuzibuliwa miaka mitano: tabianchi. Viwanja viliuzwa bondeni: tabianchi. Kituo cha mabasi ya mwendokasi kilijengwa Jangwani, Dar es Salaam, kwenye bonde la Mto Msimbazi, na kikawa kinaingia maji mara kwa mara.

Mvua za Machi hadi Mei 2024, zilizoua mamia Kenya na Tanzania, zilichambuliwa pia. Wanasayansi wakakuta joto la dunia liliongeza mvua kwa kiasi kidogo, kama asilimia 5, na wakataja kwa uzito ujenzi holela na watu kuishi mabondeni. Ni kundi lile lile lililosema "mara 100" kwenye ukame. Hiyo ndiyo sababu nawaamini. Hawasemi jibu moja kila mahali.

Mfano unaonisumbua zaidi ni wa Kongo. Mei 2023 mafuriko na maporomoko yaliua watu zaidi ya 400 wilayani Kalehe, Kivu Kusini, huko Bushushu na Nyamukubi, siku chache baada ya mengine kuua zaidi ya 130 nchini Rwanda. Wanasayansi hao walipotaka kujua mchango wa tabianchi, walishindwa kutoa jibu, kwa sababu kumbukumbu za vipimo vya mvua kuzunguka Ziwa Kivu hazikutosha. Watu mia nne wamezikwa, na hakukuwa na daftari la kutosha la kusema mvua ile ilikuwa ya kawaida au ya ajabu. Siku niliyosoma habari hiyo nilirudi kwenye kipima mvua cha shule nikakiosha vizuri na kung'oa nyasi zote kuzunguka uzio.

Si ni mapenzi ya Mungu tu?

Mvua ni ya Mungu, sibishi. Lakini hatujawahi kuacha kuezeka nyumba kwa sababu mvua ni ya Mungu.

Dalili za wazee, kama mchwa, ndege na miti kuchanua, bado zina maana?

Zina maana, na zisidharauliwe. Huko Vihiga, magharibi mwa Kenya, wazee wa Nganyi wanaojulikana kwa kusoma mvua walikaa na wataalamu wa idara ya hali ya hewa, wakalinganisha utabiri wao na kutoa ujumbe mmoja kwa wakulima. Watu waliusikiliza zaidi kwa sababu ulitoka kwenye vinywa wanavyoviamini. Shida ninayoiona kwetu ni kwamba miti yenyewe inakatwa na ndege wanahama, na mzee mmoja aliniambia mwembe wake siku hizi unachanua "kama mtu aliyesahau tarehe". Dalili zikisomwa pamoja na vipimo zinasaidia zaidi.

Nami nataka kuweka daftari la mvua. Naanzaje?

Kama huna kipima mvua cha dukani, chukua kopo lenye kitako bapa na ukuta ulionyooka kuanzia chini hadi juu. Liweke mahali pa wazi, mbali na paa na miti, juu ya kigingi ili matone yasiruke kutoka ardhini, na ulifunge lisiangushwe na kuku. Kila siku saa tatu asubuhi, pima kina cha maji kwa rula. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo milimita 25 juu ya bati la mita 40 za mraba ni lita 1,000, ujazo wa simtanki la lita elfu moja. Andika tarehe na namba, kisha mwaga.

Siku isiyo na mvua andika 0. Usiruke. Daftari lenye nafasi tupu halisemi kama mvua haikunyesha au wewe ulisafiri, na mwanao akilifungua miaka 30 ijayo hatakuwa na wa kumuuliza.